Kizulia cha Riyadh

Ukisikia mtu anasema gofu ni mchezo wa kupumzisha akili, jua huyo hajabeba mfuko wa fimbo kumi na nne begani huku dada yake wa tumbo moja amewekwa kuwa zawadi ya mshindi. Onesmus alibeba. Muulize leo atakwambia mfuko haukuwa mzito hata kidogo.

Tuanze mbali kidogo, maana jambo hili ukilishika mkiani halieleweki.

Kabla hajawa dereva huko Saudia, Onesmus alikuwa kedi. Kedi ni yule mtu anayembebea mchezaji wa gofu fimbo zake na kumnong'oneza apige vipi. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na mmoja katika kiwanja kimoja cha ufukweni upande wa Mtwapa, kiwanja cha mtindo wa kizamani: hakuna miti ya kuringia wala maua, ni nyasi fupi, vilima vya mchanga na upepo wa bahari ambao ukiukamata mpira unaupeleka utakako wenyewe. Mwaka 2013 wakala wa ajira akapita pwani nzima akitafuta madereva wa Ghuba. Onesmus akajaza fomu kama wenzake, na pale palipoulizwa ujuzi mwingine akaandika gofu. Wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu. Ati huko jangwani utambebea nani fimbo, ngamia?

Kumbe fomu ile ilikuwa inatafutwa. Ilifika Riyadh kwa Bwana Hamdun, mfanyabiashara wa viyoyozi, mzaliwa wa Unguja aliyetolewa kwao akiwa na miaka sita, mwaka ule wa 1964, akakulia Uarabuni lakini Kiswahili chake hakikuchuja. Daktari alikuwa amemwambia atembee, la sivyo moyo utamtembeza yeye. Akachagua gofu. Akataka dereva mmoja atakayemwendesha, atakayemfundisha na atakayepiga naye soga kwa Kiswahili njiani. Mungu si Athumani, akampata Onesmus.

Watumishi wote wa nyumba ile walimwita Baba, na Onesmus naye akamwita hivyo. Mshahara ulifika kwa wakati, chakula kilikuwa kilekile cha mezani, na siku Onesmus alipougua homa Baba mwenyewe alimpelekea uji. Nayasema haya mapema usije ukaanza kumtafutia mzee wa watu pembe kichwani. Hakuwa nazo.

Sasa, gofu ya Riyadh wakati ule, hiyo waliyocheza wao nje ya mji, ilikuwa kichekesho. Kiwanja kizima hakikuwa na jani hata la dawa. Ni mchanga na changarawe, na pale penye shimo na bendera mchanga umemwagiwa mafuta ya gari ili utulie. Mpira ukipigwa kutoka kwenye changarawe fimbo inaharibika, kwa hiyo kila mchezaji alitembea na kizulia chake, kipande cha nyasi za plastiki cha kutosha kukalia mtoto. Kazi ya kedi ikawa hiyo: ufike kwenye mpira, utandaze kizulia, uuokote mpira, uuweke juu yake, uondoke. Onesmus aliifanya kazi hiyo kila Alhamisi na kila Jumamosi kwa miaka minne na ushei, mara arobaini kwa siku. Mwishowe mikono ilikuwa inaifanya peke yake, yeye akiwazia mambo mengine.

Lakini kanuni za mchezo alimfundisha Baba zile za kweli, za nyasini. Alimwambia, "Baba, kule kwetu mpira ukishaanza safari haushikwi mpaka ufike. Si wewe, si mimi. Tukiushika ni pigo moja la adhabu."

"Na nani ataniona?"

"Hakuna. Gofu haina refa. Mchezaji anajisema mwenyewe."

Akamsimulia habari za jaji mmoja mstaafu kule Mtwapa ambaye mpira wake ulitikisika majanini alipousogelea, yuko peke yake, hata kedi wake hakuona. Mzee yule akarudi akajihesabia pigo la adhabu, akakosa kombe, akaenda zake kunywa chai. Hamdun alikipenda kisa hicho kupita kiasi. Kila mgeni aliyefika nyumbani alisimuliwa. "Huo ndio ucha Mungu wenyewe, yakhe! Uaminifu wa pale usipoonwa na mtu!" Onesmus akisimama pembeni na birika la kahawa, anafurahi kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu.

Tuje kwa Jael.

Jael ni mdogo wake Onesmus, anamfuata mgongoni. Siku moja Baba alisema dada yake Samia, aliyeolewa Jeddah na bwana mmoja aitwaye Saif, naye wa asili ya Unguja vilevile, ana shida ya msichana wa kumwangalia mama mkwe asiyeinuka kitandani. "Huna ndugu, Onesmus? Mtu wa kujulikana." Onesmus akalitaja jina la Jael. Kwa kinywa chake mwenyewe, bila kushikiwa kisu.

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Miwili ikapita. Jael akaambiwa asubiri Ramadhani iishe. Ramadhani ikaisha akaambiwa asubiri watu warudi hija. Kisha ikawa harusi ya Safa, binti wa nyumba. Bila saini ya Saif, ambaye ndiye kafili wake, mdhamini wake kisheria, hakuna ndege itakayompokea, na pasipoti ilikuwa ndani ya kabati la Saif pamoja na hati za nyumba. Kila Ijumaa alipewa simu yake kwa saa moja, akampigia kaka yake.

"Wananipiga? La. Wananinyima chakula? La," alisema. "Wananipenda, kaka, hiyo ndiyo shida. Bibi hamtaki mtu mwingine amshike."

Na Bibi mwenyewe, yule mama mkwe, alikuwa mtu wa mwili wake. Kumtoa kitandani, kumpeleka chooni, kumrudisha, mara sita kwa siku, peke yake. Mwaka wa tatu mgongo wa Jael ukaanza kulalamika. Mwaka wa nne ukaacha kulalamika, ukakataa. Ijumaa moja alimwambia kaka yake kwamba siku hizi akitaka kuvaa viatu vya kamba anakaa sakafuni, anaegemea ukuta, na kuinuka ni kazi nyingine. Kwa hiyo anavaa ndara tu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Onesmus alikata simu akaenda kuosha gari lililokuwa safi.

Alimwomba Baba si mara moja. Baba alikuna ndevu. "Sasa mie nimwambie nini shemeji yangu? Nimwombe mtumishi kama naomba sukari? Na Samia ataona namvunjia nyumba. Subiri, Onesmus. Subira yavuta heri." Ah! Hakuna methali iliyowachosha watu wa kazi za ndani kama hiyo. Heri yenyewe inavutwa miaka minne, kamba haikatiki?

Basi mwanzoni mwa 2018 kukafunguliwa uwanja wa gofu kando ya bahari, mwendo wa saa moja na kitu kaskazini ya Jeddah, umetengenezwa kwa mtindo uleule wa vilima vya mchanga na upepo. Saif akajiunga, na ulimi ukamwota mbawa. Siku moja alimpigia Hamdun garini, Onesmus akiwa kwenye usukani, sauti ya simu imejaa gari zima.

"Shemeji, wewe mchezaji wa changarawe, lini utakuja kuona nyasi?"

"Nikija nitakufunga, Saif."

"Weye? Labda unifunge kamba za viatu!"

"Basi tutiane hamu. Mshindi apewe kitu."

"Astaghfirullah, kamari hiyo."

"Nani kataja kamari? Anayeshindwa anampa shemeji yake hadiya. Hadiya nayo imekuwa haramu lini?" Wote wawili wakacheka. Kisha Hamdun akasema, kwa sauti ya mzaha bado, "Mie nikishinda n'nataka yule msichana wenu, Jael. Mkataba wake umekwisha zamani."

Onesmus akapitiliza njia ya kutokea, na hakuna aliyemgombeza.

"Samia atanila mzima," Saif akasema.

"Sema unaogopa, tuyaache."

"Mie? Naogopa? Na nikishinda mie?"

"Fimbo zangu mpya, zote kumi na nne, na mfuko wake."

"Zile ulizoagiza Skotlandi?"

"Hizohizo."

"Yalla! Jumamosi ya wiki ijayo. Na usichelewe, maana Jumapili yake namfanyia msichana ikama mpya, kibali cha kukaa miaka miwili mingine."

Simu ilipokatwa Hamdun aliinama mbele akampiga Onesmus bega. "Umesikia? Akija kwangu, siku hiyohiyo namwandikia ruhusa ya kutoka, anakwenda kwa mama yake. Wallahi." Na alikuwa anasema kweli, macho yalimng'aa kwa furaha ya kutenda wema bila kumwomba mtu.

Onesmus alishukuru. Angefanya nini? Moyoni hakupenda, dada mtu kuwekwa mezani pamoja na fimbo, lakini mlango ni mlango hata kama umefunguliwa kwa teke. Hakumwambia Jael neno. Aliogopa kumpa tumaini bichi.

Wiki nzima walifanya mazoezi. Usiku wa kuamkia safari Onesmus alikitoa kizulia kwenye mfuko wa pembeni wa fimbo akakitundika msumarini gerejini, makusudi. "Baba, kule hakuna kizulia. Mpira tunauacha ulipo, hata ukiwa matopeni." Ndivyo alivyosema, kwa maneno hayohayo. Kisha akaendesha gari kilomita mia tisa na zaidi, fimbo nyuma, Baba akifuata kwa ndege.

Jumamosi asubuhi bahari ilikuwa ya kijivu na upepo umebeba vumbi. Kiwanja kilikuwa uchi, kilima baada ya kilima, majani makavu yanalala upande mmoja, na bendera zinapigapiga milingoti yake. Mtu mwingine angeona ukiwa. Onesmus aliona nyumbani, na roho ikamuuma.

Walipatana mashimo tisa. Katika kila shimo, atakayeingiza mpira kwa mapigo machache zaidi amelishinda, na mwisho wanahesabu nani kashinda mashimo mengi. Saif alikuwa na kigari chake cha betri na mwili wa kijana, ingawa ana miaka hamsini na tano. Alishinda mawili ya kwanza haraka haraka, akaanza kuzungumza na fimbo kumi na nne kana kwamba keshazioa.

"Baba," Onesmus akanong'ona, "usiurushe mpira juu. Huu upepo ukipewa kitu haurudishi. Uburuze chini, utambae."

Hamdun akamtii. Hapo ndipo miaka kumi na mmoja ya Mtwapa ilipofanya kazi. Mpira wa Hamdun ulitambaa mabondeni, ukapanda vilima, ukafika, na ule wa Saif ukapaa kwa madaha ukaangukia majanini. Walipomaliza shimo la nane kila mmoja alikuwa ameshinda matatu, mawili wametoka sare. Limebaki moja.

Alimwona Jael akishuka Mombasa. Alimwona mama yao akimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi na kumgombeza kwa nini amekonda. Aliona mambo mengi ambayo kedi hapaswi kuyaona kabla ya shimo la mwisho.

Shimo lile upepo ulivuma kutoka nyuma yao. Kwa mara ya kwanza siku ile ulikuwa upande wao. Saif alipiga, mpira ukapelekwa mbali kupita alivyotaka, pigo la pili likautumbukiza kwenye shimo kubwa la mchanga kule kulia, refu kuliko mtu. Akateremka humo, ikabaki kofia tu kuonekana. Hamdun naye kwa mapigo mawili alikuwa karibu kabisa na bendera, isipokuwa mpira ulikuwa umepinda kidogo kushoto, ukapita nyuma ya kilima. Onesmus akatangulia mbio kuutafuta.

Aliukuta. Hapo nyuma ya kilima upepo ulikuwa umekwangua nyasi zote. Mpira umekaa juu ya mchanga mgumu, mtupu, wenye changarawe, kama ule wa Riyadh.

Sijui nieleze vipi. Mtu aliyewahi kujikuta amefika mlango wa nyumba aliyokwisha kuihama ataelewa. Onesmus alichutama. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye mfuko wa pembeni kutafuta kizulia. Haukukuta kitu. Na ulipokuwa bado unapapasa, akatazama chini akauona mpira ndani ya kiganja chake cha kulia.

Aliurudisha palepale, kwenye kialama kilekile, taratibu, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku. Kisha akainua macho. Saif yuko shimoni, anasikika akitukana mchanga. Hamdun alikuwa hatua kumi nyuma, miwani mkononi, anaifuta kwa ncha ya shati. Alikuwa ameona? Asiye na miwani anaona nini hatua kumi? Hamdun alivaa miwani yake, akaja, akanyoosha mkono apewe fimbo, akapiga.

Mpira ukatambaa na upepo ukafika hatua tatu kutoka kwenye bendera. Pigo la tatu hilo. Saif alitoka mchangani amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na akaja kumaliza kwa mapigo sita. Hamdun akasukuma, mpira ukapita ukingoni ukakataa. Akasukuma tena, ukaingia.

"Tano!" Saif akavua kofia. "Tano kwa sita. Ah, shemeji, umenila mchana kweupe. Haya, mchukue msichana wako, mie nitajijua na Samia."

Onesmus alikuwa ameishika bendera. Aliikumbatia ile bendera, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, na machozi yakaanza kumtoka bila kuomba ruhusa. Asante Yesu, asante Yesu. Hakujali nani anamsikia.

"Sita," Hamdun akasema.

"Sita mie. Wewe tano, nimekuhesabu."

"Sita na mie. Onesmus kaushika mpira kule nyuma ya kilima. Kasahau, kadhani tuko Riyadh. Ni pigo la adhabu."

Onesmus alimtazama Baba. Alimtazama kwa macho yaliyosema yote: Baba, hakuna aliyeona. Baba, ni Jael. Hamdun aliyaona macho yale, maana alimgeukia akasema kwa upole, kama anayempa zawadi, "Si ndivyo ulivyonifundisha? Mchezaji anajisema mwenyewe."

Saif alisimama kinywa wazi, kisha akamkumbatia shemeji yake kwa nguvu mpaka miwani ikaanguka. "Wallahi wewe ni mwanamume! Nani angejua? Nani angejua, Hamdun?" Walikumbatiana pale kwenye upepo, wazee wawili, kila mmoja amefurahi kuliko kama angeshinda. "Basi halas, ni sare. Kila mtu abaki na chake. Mwakani tutarudia, insha'Allah."

Kila mtu na chake. Fimbo kwa mwenye fimbo, na Jael kwa mwenye Jael. Wiki nzima Onesmus alikuwa ameogopa kushindwa tu. Sare hakuifikiria kabisa.

Garini alijaribu. "Baba, naomba. Mwambie tu. Umeona moyo wake ulivyo mzuri leo."

Hamdun alifunga macho. "Onesmus, mie nimefanya niliyoweza. Ulitaka nidanganye, nile haramu? Kwa jambo la mtumishi?" Halafu akajuta, akaongeza, "Mwakani. Wewe usiguse mpira tu." Na akaanza kumpigia simu rafiki yake mmoja wa Riyadh kumsimulia kilichotokea, na namna alivyojisema mwenyewe.

Chakula cha mchana kilikuwa nyumbani kwa Saif, mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah. Geti likafunguka, gari likaingia. Ndani ya geti alikuwa amesimama Jael.

Onesmus hakuwa amemwona mwaka mmoja na nusu. Alikuwa amekonda, na bega moja limeshuka. Amevaa gauni lake la kuja nalo na mtandio mpya, begi lake la safari liko miguuni. Miguuni amevaa viatu vya kamba, na kamba zimefungwa vizuri, fundo mbilimbili.

Saif, unajua, alfajiri wakati anaondoka alikuwa amemtania. "Jael, funga virago, Hamdun akinifunga gofu leo kaka yako anakuchukua. Asiponifunga, kesho ikama mpya." Bwana mwenyewe alikwisha sahau. Aliposhuka kwenye gari lake akaliona begi, alijikohoza akapita haraka akaingia ndani.

Jael hakungoja. Gari lilivyosimama tu alizunguka nyuma, akafungua buti mwenyewe, akalinyanyua begi kwa kulipandisha kwanza kwenye goti, akalilaza kando ya fimbo. Kisha akaja kwenye dirisha la Baba, akapiga goti nusu, goti zima likamshinda. "Baba, Mungu akubariki. Akuzidishie miaka. Nitakuombea kila siku."

Hamdun alitazama simu yake. "Onesmus," alisema, "hebu mueleze dada yako." Akashuka upande wa pili, akaingia ndani kula.

Wakabaki wawili. Onesmus alikwenda kwenye buti. Alilitoa begi akaliweka chini, na kwa jinsi alivyoliweka Jael akaelewa. Alitazama begi, akamtazama kaka yake.

"Mmeshindwa?"

"Hapana."

"Mmeshinda, basi!"

"Hapana. Imekuwa sare. Kila mtu… kila mtu anabaki kama alivyokuwa."

"Na kesho ikama?"

"Kesho ikama."

Jael alishika ukingo wa gari. Hakulia, na ingekuwa afadhali alie. "Imekuwaje, kaka? Nilisali tangu alfajiri. Imekuwaje?"

Hapo ndipo palipokuwa pake pa kujisema mwenyewe. Hapana refa, Baba kaingia ndani, hakuna aliyeona. Mwalimu wa watu, aliyefundisha kisa cha jaji na kombe na chai yake, alifungua kinywa. Alikuwa amekusudia kusema. Mpaka leo anaapa alikuwa amekusudia.

"Upepo," alisema. "Upepo ulikuwa mwingi, Jael. Ulitugeuka shimo la mwisho."

Jael alitikisa kichwa polepole. Akanyoosha mkono akamfuta kaka yake vumbi shavuni. "Pole, kaka. Najua umejitahidi. Upepo nani ataushika?"

Juu dirishani sauti ya Samia ikaita. "Jael! Jael, Bibi anataka kuinuliwa!"

"Nakuja, madam."

Onesmus aliinama achukue begi amsaidie, akakumbuka kwamba kupita mlango wa nyuma, upande wa wanawake, haruhusiwi. Kwa hiyo alisimama. Jael alilikamata begi kwa mkanda, akaliburuza sakafuni kuelekea jikoni, hatua mbili anapumzika, hatua mbili anapumzika. Mlangoni ilibidi avue viatu, ndiyo desturi ya nyumba ile. Alijaribu kuinama, akashindwa. Akajishusha taratibu mpaka akakaa kizingitini, akaegemea ukuta, na akaanza kufungua zile kamba, fundo moja baada ya jingine, huku Onesmus akimtazama kutoka upande wa pili wa ua.